Bibi Aliyeulizia Makaburi ya Mwaloni

Wapo watakaosema nilipigwa na jua. Waseme. Mimi nilikuwepo, wao hawakuwepo. Na kama unadhani nasimulia ili nikutishe, umekosea. Nasimulia kwa sababu nina hasira, na hasira hii haijanitoka mpaka leo.

Kwanza uujue mji wetu. Uko mkoa wa Geita, kando ya ziwa, na umekaa kwenye mteremko. Juu kabisa, kwenye vumbi, wako wachimbaji na makarasha yao yanayosaga mawe ya dhahabu kutwa nzima. Watu wa kila kabila, leo yupo, kesho kahama. Chini yao ni sisi Wasukuma. Mimi nilitoka Kambarage, Shinyanga, nikamfuata mume wangu aliyekuja kutafuta dhahabu. Ukivuka lami unawakuta Waswahili wa madukani, na msikiti wao, na vitumbua vya asubuhi. Halafu chini kabisa, mwaloni, panapotua mitumbwi ya dagaa, ndiko walikokuwa Wazinza, wenyeji hasa. Nasema walikokuwa. Siku hizi huko kuna kuta, mageti na nyumba za wageni.

Kati ya mwalo na nyumba za Wazinza palikuwa na makaburi. Hayakuwa na uzio wala nini. Mawe, misalaba ya mbao na upepo wa ziwa, basi. Hapo ndipo nilipomzika binti yangu, Mbula. Homa ilimchukua kabla hajaanza shule. Wazinza hawakuniuliza kabila langu. Walinipa nafasi, na wanawake wao wakakaa nami msibani mpaka tulipoanua matanga.

Kisha mji ukakua. Tukaambiwa ufukweni kutapimwa viwanja. Mwenyekiti wetu wa mtaa, Baba Neema, ambaye ni Mzinza wa pale pale, akaitisha mkutano. Akasema makaburi yatahamishiwa juu, njia ya machimbo, kwa heshima zote. Tukataka kuwepo. Akakataa, eti watu wa afya hawaruhusu, kuna magonjwa.

"Hata mama yangu mzazi yumo humo," alisema. "Mnadhani naweza kumchezea mama yangu?"

Nani angebisha? Wakazungushia mabati, tingatinga likaingia, na baadaye tukaonyeshwa vilima vya udongo vyenye vibao vya majina. Nikakiona cha Mbula. Tangu hapo, kila Jumapili nikitoka kanisani nilikuwa napanda kule kupalilia. Nilikuwa naongea na kile kilima. Namwambia habari za kaka yake, Shija, namwambia mvua imechelewa. Nilikuwa nacheka naye, unanielewa?

Sasa sikiliza.

Watu hudhani mambo haya ni ya usiku wa manane. Uongo. Ilikuwa alasiri, jua linawaka, na mimi nipo barazani na cherehani yangu nashona sare za kwaya. Nikainua macho, nikamwona bibi mmoja amesimama mbele yangu. Mrefu, mgongo umeinama kidogo, kitenge kimefifia hata maua yake huyaoni. Lakini kilichonishangaza ni miguu. Kuanzia vidoleni mpaka magotini ilikuwa na saruji iliyokauka, na nywele zake zilikuwa hivyo hivyo. Nikawaza, ni nani huyu asiye na haya anayempa bibi wa umri huu kibarua cha zege?

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimepotea. Nipeleke makaburi ya mwaloni."

"Yalihamishwa, bibi. Siku hizi yako juu, njia ya machimbo."

Akatikisa kichwa. "Huko ndiko nilikotoka. Jina langu nimelikuta. Mimi simo."

Niamini, sikuogopa hata kidogo. Nilidhani ni uzee. Mama yangu mwenyewe kabla hajafariki alikuwa anaulizia ng'ombe waliokwisha kuliwa zamani. Nikasema moyoni, nimshushe taratibu mpaka mwaloni, labda kule atapatikana mtu wa kwao. Nikamshika kwa mkono wangu wa kushoto, tukaondoka.

Njiani alikuwa ananionyesha mji ambao mimi sikuujua. Hapa ng'ombe walikuwa wanashuka kunywa maji. Hapa alikaa mwanamke mfinyanzi. Hapa palikuwa na kanisa la nyasi, likaungua. Tulipofika madukani, Bi Zuhura anayeuza vitenge alimwona akatoka mbio na kikombe cha maji. Ndiyo, alimwona. Yupo hai, kamuulize.

"Karibu maji, mama, jua kali."

"Ahsante, mwanangu. Kifua kimebanwa, hakipitishi kitu."

Tukaendelea. Na hapo ndipo nilipoanza kuhisi kwamba kuna jambo. Kadiri tulivyokaribia ziwa, bibi alizidi kuwa mzito. Mwanzoni nilikuwa nimemshika tu ili asijikwae. Tulipouona ukuta wa nyumba ya wageni iliyojengwa palipokuwa makaburi, mkono wangu ulikuwa unavutwa chini kama nimebeba mfuko wa saruji.

"Bibi, tupumzike kidogo."

"Nilikuwa nimepumzika," akasema. "Wakaja kuniwekea nyumba kifuani. Na kale katoto kaliko ubavuni kwangu hakanyamazi. Kanasema panabana. Kana shanga nyekundu kiunoni."

Zile shanga nilimvika Mbula mimi mwenyewe. Nilimvika chumbani, nikiwa peke yangu naye, kabla hawajaja kumfunika. Baba yake hajui. Mchungaji hajui, angenigombeza. Nilitaka kurudi nyuma, lakini bibi alinivuta, na sasa nikawa ni mimi ninayepelekwa.

Getini alikuwa amekaa mwenyekiti, Baba Neema, kwenye kiti cha plastiki, ana soda yake, anapunga upepo wa ziwa. Mwenye jengo haishi hapa mjini, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa anamwangalizia. Alituona kwa mbali. Chupa ikamtoka mkononi. Yule mtu mzima, mwenye wajukuu, akapiga magoti kwenye kokoto.

"Shikamoo, mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Bibi hakuitikia. Unajua ni jambo gani hilo, mama kutomwitikia mwanawe?

"Magesa," alimwita kwa jina lake la utotoni. "Uliwaambia watu kwamba umenihamisha."

"Mama, tingatinga lilikuwa limeshafika... wenye kiwanja walikuwa na haraka... tulichukua mchanga tu, mama, nikasema Mungu anajua..."

"Niondolee hiki kitu kifuani."

Akampita. Akaweka kiganja chake kwenye ukuta wa nyumba, na ghafla mkono wangu ukawa mwepesi. Hapakuwa na mtu. Pale ukutani hapakubaki hata alama.

Ningekuwa mwoga ningekimbia. Lakini hasira ilinipanda mpaka sikuyaona tena yale maji ya ziwa. Nilimkamata Baba Neema ukosi wa shati.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Mama Shija, tafadhali..."

"Nimekuuliza, mwanangu yuko wapi?"

Akanyoosha kidole. Jikoni. Mbula wangu yuko chini ya jiko la nyumba ya wageni, wanapokaangia samaki.

Nilichukua sululu ya mtunza bustani, nikaingia nayo jikoni, nikaanza kuvunja vigae. Wapishi wakakimbia. Mlinzi akanishika, nikamng'ata. Watu wakajaa, Wazinza wachache waliobaki, wavuvi, Bi Zuhura na mashoga zake, hata wachimbaji walishuka kutoka juu. Na mbele yao wote, yule aliyekuwa amepiga magoti sasa hivi akajipangusa vumbi, akasema, "Msameheni mama huyu. Amepandwa na mashetani."

Polisi walipofika walimchukua nani? Mimi. Kosa langu ni kuharibu mali. Jioni ile Bi Zuhura akaja kunidhamini, na akawaambia wote pale kituoni kwamba bibi amemwona kwa macho yake na maji amempa.

Asubuhi hatukuomba ruhusa ya mtu. Tulipanda njia ya machimbo na majembe, tukachimba vile vilima. Cha Mbula nilikichimba mwenyewe, kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto ulikuwa umeanza kufa ganzi. Unataka kujua nilikuta nini? Mchanga wa ziwani na makombe ya konokono. Kilima baada ya kilima, mchanga na makombe. Wanaume wazima walikaa chini wakalia. Mimi sikulia. Nilikumbuka zile Jumapili zote, jinsi nilivyokuwa nauchekea ule mchanga.

Baba Neema tulimng'oa uenyekiti. Sasa hivi hawezi kulala chali. Akijinyoosha tu, kifua kinabanwa anatapatapa, kwa hiyo analala amekaa, nje, ameegemea ukuta. Amewahi kuja kwangu kuniomba tusaidiane kumlilia mwenye jengo avunje sakafu. Nilimfungia mlango. Sijui kama nilikosea, na sitaki kujua. Mwenye jengo anasema nyaraka zake ziko sawa, na shauri tulilofungua mahakamani linaahirishwa kila linapotajwa. Mkono wangu wa kushoto, huu hapa, haukunji vidole. Hospitali wameupiga picha, wanasema mifupa mizima, hawaoni tatizo. Cherehani nimemwachia binti wa jirani.

Sasa wewe unayenisikiliza, shika neno langu. Wakikuambia wafu wako watahamishwa, nenda ukasimame hapo hapo. Wakikufukuza kwa mlango, ingia kwa uzio. Uuone mfupa kwa macho yako, uubebe mwenyewe. Usimwamini mtu kwa sababu naye ana mama yake ndani.

Na ukija mjini kwetu, ukashawishika na nyumba nzuri zinazotazama ziwa, utanikuta getini, upande wa barabara ambao hawawezi kunifukuza. Nakuwepo kila alasiri. Wageni wakishuka na mabegi yao nawasalimia vizuri, kisha nawauliza chumba walichopewa kiko upande gani, na nawaambia kilicho chini ya sakafu. Wengine hunipita wakidhani mimi ni kichaa. Wengine hugeuka na mabegi yao pale pale, hasa wenye watoto wadogo. Mwenye jengo ametuma watu mara nyingi wanibembeleze ninyamaze. Nawajibu kwamba nitanyamaza siku mwanangu atakapotolewa chini ya jiko lao. Kabla ya hapo, wapike tu, na mimi nitasema.