Kavira na kikwembe ya mama

Leo mama alianza kuona, na mutu moja alitamani barudishe bandaji!

Jana docteur alimutosha cataracte, ile wingu ya kufunika jicho, na palepale akamutia katuyau kadogo sana, kamrija ka kupitisha maji, ndani ya jicho, juu presha ya jicho ya ugonjwa wa glaucome ishuke.

Asubui tuko wote kwa kitanda. Kavira, muke ya kaka yangu, njo anasali kwa sauti kupita sisi wote.

Bandaji ikatoka. Mama akamuangalia Kavira toka kichwa mpaka miguu.

"Kikwembe yangu inakupendeza."

Mbele ya docteur, jamani!

Banduku, mutu anasali mama aone, kisha anakuja na kikwembe alimwiba?

Kavira: "Mais mama, niliazima tu..."

Mama: "Nilikuwa kipofu ya macho, hapana ya vidole. Ile kitambaa ya kuzeeka uliacha kwa nafasi yake ndani ya malle yangu, sanduku ya nguo, niliipapasa kitambo. Nilikuwa nangojea tu nione sura yako."