Mbingu ya Turubai

Dada yangu, fundi cherehani wa Rubwera, ndiye aliyetuambia kwamba kwaya yetu ya Nyakatuntu itaruka angani kwenye video.

"Kwa kompyuta ipi?" akauliza mwalimu wa kwaya.

"Kwa turubai," akajibu dada.

Jumamosi mchana tukatandika uani kwetu maturubai mawili ya bluu, yale ya kuanikia kahawa. Nilichana mto wangu mwenyewe, tukatawanya sufi yake ikawa mawingu. Pindo za majoho dada alikuwa amezichovya kwenye uji wa muhogo, akazikausha zikiwa zimekunjwa upande mmoja ili tuonekane tunapigwa na upepo. Ziligeuka ngumu kama bati. Kukaa hatukuweza, tulisimama wima hadi tulipoambiwa tulale. Kisha akapanda mparachichi na simu yake. Alisema kutoka kule juu hakuna atakayejua kama tumelala chini.

"Wimbo ukianza mmesinzia. Kibwagizo kikifika, fumbueni macho. Atakayejikuna amerudi duniani!"

Tukalala watu kumi na mmoja, mikono tumeinyoosha. Siafu alikuwa ananipanda shingoni. Nikamwacha, kwa ajili ya injili. Kinanda kikaanza taratibu kwenye spika.

Hapo ndipo bibi jirani alipoingia kurudisha ungo wetu. Akakuta watu wamevaa nyeupe, wamefumba macho, na vitu kama pamba za maiti vimezagaa kila mahali. Yowe alilopiga nadhani lilisikika Bugomora.

Mwalimu wa kwaya akainuka ghafla, mikono ya joho imekakamaa kama mbawa.

"Shikamoo, bibi!"

Bibi hakusubiri kuitikia salamu ya marehemu. Alitupa ungo akatokomea migombani.

Muda si mrefu uani palijaa. Wanaume walitoka mashambani na mapanga yao, wanawake walikuwa wameshajifunga kanga za msibani. Tulikuwa tunaeleza wote kwa pamoja, na dada juu ya mti anacheka hadi machozi, simu bado inarekodi. Bibi akaletwa ameshikwa mikono. Nikapiga magoti kumwomba radhi, kwa aibu kweli. Akautazama mti, akaitazama sufi, akatutazama sisi.

"Kwa hiyo mlitaka kuruka peke yenu?"

Akavua kandambili, akalala katikati ya sauti ya kwanza na ya pili. Sisi tulikuwa tumekauka kama kuni. Yeye alipiga miguu, akapunga mikono, kanga ikatanuka. Hakuna aliyeruka kama yeye.

Video ilipoonyeshwa kanisani, kuku alikatiza mbinguni kwenye ubeti wa pili, akitembea kwa miguu, na hakuna aliyemjali. Wote walikuwa wanamtazama bibi. Sokoni wakaanza kumuuliza kukoje kule juu.

"Kuna baridi kidogo," aliwajibu, "lakini migomba yenu yote naiona. Wengine hampalilii."