Matanga ya Ignace Asukulu

Matanga ya Ignace Asukulu yalifanyika katika kambi ya wakimbizi Kigoma mwaka 2001, kwa siku tatu, na aliyeyapanga ni Ignace mwenyewe.

Alikuwa fundi cherehani, mzaliwa wa Fizi upande wa Kongo, aliyevuka ziwa na mkewe Léocadie na mtoto wao Glody kukimbia vita. Mwaka ule zilienea habari kambini kwamba wajane wenye watoto ndio wanaotangulizwa kupelekwa Ulaya, na wenye waume huachwa wangoje mpaka wachoke. Haikuwa kweli sana, lakini jambo likirudiwa mara mia kwenye foleni ya maji hugeuka sheria. Ignace alikuwa amekwisha amua kwenda Johannesburg kutafuta kazi. Akamwambia mkewe, "Nikishavuka mpaka, sema nimekufa. Mkifika huko mtaniita."

Léocadie alikataa siku mbili, ya tatu akakubali. Wiki chache baada ya mumewe kuondoka alinyoa nywele, akaketi mkekani, na wanawake wa kwaya wakaja kulia pamoja naye. Glody alikuwa na miaka minne. Hakuna aliyemwambia kwamba baba yake yu hai. Alilia mpaka sauti ikamkauka, akawa anatoa pumzi tu.

Wapo wanaosema uongo wa karatasini haumuumizi mtu, maana ofisi haina moyo. Ni kweli ofisi haikulia. Aliyelia ni mtoto. Ignace hakulifikiria hilo alipokuwa akipanga, na kutofikiria hakumpunguzii mtu hatia.

Mwaka uliofuata mama na mtoto walipelekwa Finland, katika mji mdogo wa kaskazini ambako theluji hukaa nusu ya mwaka. Ignace alikuwa amepata chumba mtaa wa Bertrams, Johannesburg, na meza ya kushonea kwenye ghorofa ya nne ya jengo la zamani katikati ya jiji, akishona sare za kwaya. Mwanzoni Léocadie alikuwa akimpigia mumewe simu wakati mtoto yuko shuleni. Lakini kumwita hakuweza. Ndani ya faili Ignace alikuwa marehemu, na kumfufua kulimaanisha kukiri kwamba yote yaliyoandikwa yalianza kwa uongo. Miaka ikapita hivyo, simu zikapungua.

Mwaka 2008 Léocadie alipiga mara ya mwisho. Kulikuwa na mwanamume wa kanisani kwao, Mkongo aliyefiwa na mke, aliyetaka kumwoa.

"Nimechoka kuwa mjane wa mtu anayekula na kulala," alisema.

"Unataka niseme nini, Mama Glody?"

"Usiseme kitu. Ndicho ninachoomba. Kaa kimya."

Ignace akakaa kimya. Hata namba ya simu aliibadilisha, asije akashawishika, na kwa tendo hilo alijiona mtu mwema aliyejinyima kwa ajili ya wengine. Alijisifia moyoni kwa miaka mingi.

Mtu mmoja tu Johannesburg aliijua habari hiyo: Khatibu wa Tanga, aliyeuza nyuzi, zipu na vifungo kwenye ghorofa ileile. Adhuhuri moja mwaka 2016 Khatibu alikuja ameshika simu juu kama mtu aliyekamata kuku.

"Marehemu, shikamoo!"

"Khatibu, nina sare arobaini za Pasaka hapa. Niache."

"Sikuachi. Njoo uone jina lako linavyoteleza."

Kwenye kioo cha simu wanaume wakubwa, wamevaa viatu vyenye makali ya chuma chini yake, walikuwa wakikimbizana juu ya barafu na magongo mkononi, wakigombea kisahani cheusi cha mpira mgumu. Mmoja wao, mrefu, mweusi peke yake uwanjani, aligeuka. Mgongoni palikuwa pameandikwa ASUKULU. Ignace alitazama kwanza kama fundi: herufi zimeshonwa mara mbili, ukingo umekazwa vizuri. Kisha akaiona shingo, ile shingo ya ukoo wao iliyoinama kidogo kushoto, akavuta kiti akaketi.

"Hoki ya barafuni," alisema Khatibu. "Huko kwao ndiyo mpira wenyewe. Eish, mwanao analipwa kwa kuwagonga Wazungu, na hakuna anayeita polisi!"

Tangu siku hiyo Ignace aliifuata kazi ya mwanawe kama watu wengine wanavyofuata misa. Alijua kwamba Glody alianza kuteleza akiwa na miaka saba, wakati wenzake walianza wakiwa na mitatu, na kwamba kocha alimweka nyuma kuwa beki kwa sababu ya urefu na kwa kuwa hakuogopa kugongwa. Akiwa na miaka kumi na tisa alisaini mkataba wake wa kwanza, ligi ya pili. Akiwa na ishirini na mitatu alipanda ligi kuu, timu moja ya kusini, akacheza misimu miwili. Akaenda Slovakia msimu mmoja. Wakati wa baridi saa za Finland na za Johannesburg ni sawasawa, basi mechi zilipoanza saa kumi na mbili na nusu jioni Ignace alifunika cherehani, akaegemeza simu kwenye bunda la kitambaa, akapiga kelele peke yake: "Geuka! Nyuma yako, geuka!"

Glody aliporudi kutoka Slovakia, goti lilichanika katika mechi ya tano. Ignace alilala wiki nzima. Wateja waliambiwa ni malaria.

"Mwandikie," alisema Khatibu alipomletea uji. "Mstari mmoja tu. Siku hizi mtu hahitaji hata stempu."

"Nikimwandikia namharibia mama yake. Aliolewa kanisani kama mjane."

"Mama yake, au wewe? Hebu niambie, Ignasi, unaogopa nini hasa?"

Ignace aligeukia ukutani. Alichokiogopa alikijua vizuri sana: kwamba mtoto atauliza kwa nini. Kumlinda Léocadie kulikuwa koti la heshima alilouvisha woga wake.

Goti lilipona nusu. Glody alirudi ligi ya pili, akawa mzito kugeuka, na vijana wakaanza kumpita. Masika ya 2025, akiwa na miaka ishirini na minane, aliacha kucheza. Ignace alisoma habari hiyo kwa mashine ya kutafsiri, mistari minne, bila picha.

Agosti ya mwaka huohuo Khatibu alikuja tena na simu, safari hii bila utani. Uwanja wa barafu ulio ndani ya jumba moja la maduka, kaskazini mwa Johannesburg, ulitangaza kwamba beki wa zamani kutoka Finland, Glody Asukulu, atafundisha watoto kwa siku tatu. Jumamosi asubuhi Ignace alivaa suti aliyoishona mwenyewe, akapanda teksi mbili, njia nzima akikariri maneno atakayosema.

Alimkuta kando ya uzio wa barafu, amepiga goti, anamfunga mtoto kamba za viatu. Alikuwa mkubwa kuliko alivyoonekana kwenye simu.

"Shikamoo, mzee," alisema Glody alipomwona amesimama. Sauti ilikuwa ya mwanamume mzima, lakini Kiswahili kilikuwa cha mtoto wa kambini, hakikukua.

"Marahaba. Mimi... mimi natoka Fizi."

Glody alimfunga mtoto fundo la mwisho, akamruhusu aende. Akainuka polepole, akaitazama shingo ya mzee iliyoinama kidogo kushoto. "Wewe ni Ignace."

Maneno yote aliyoyakariri yakamtoka kichwani. "Unanijua?"

"Mama aliniambia nilipofika miaka kumi na nane. Na mume wake pia, mama alimwambia. Wakaenda ofisini, wakaenda kwa mchungaji, wakasema yote. Tulihangaika mwaka mmoja. Mahakama ikatoa talaka bila wewe, wakafunga ndoa tena. Ikaisha."

"Ikaisha?"

"Mwaka 2016 ilikuwa imeisha. Mama alipiga namba yako. Haikupatikana."

Ignace alishika uzio. Siri aliyoilinda miaka yote hiyo ilikuwa haipo. Alikuwa akilinda mlango wa nyumba iliyokwisha kubomolewa.

"Baba yangu wa kule alitaka nichukue jina lake," Glody aliendelea, akitafuta maneno moja moja. "Nilikataa. Nilisema, jina likikaa mgongoni, yeye ataliona popote alipo. Mchezaji hupewa tiketi mbili za jamaa, kila mechi ya nyumbani. Moja ya mama. Nyingine niliacha mlangoni, imeandikwa jina lako. Hata Slovakia. Miaka tisa."

"Niliona mechi zako," Ignace alisema haraka. "Tangu ile ya kwanza. Hata siku ya goti niliona, nililia."

Ilikuwa kweli tupu, na ilipotoka mdomoni akasikia ubaya wake.

"Uliona," alisema Glody. "Mimi nilikuwa najiambia hujui. Hiyo ilinisaidia kidogo."

"Nisamehe, mwanangu."

"Sijui. Labda." Alichukua gongo lake. "Watoto wananingoja. Ukitaka, kaa pale utazame."

Akaingia kwenye barafu, na kuingia kwake kulikuwa kama mtu anayefika nyumbani. Goti lake bovu halikuonekana. Aliwakusanya watoto katikati, kama ishirini, na somo la kwanza alilowafundisha ni kuanguka: alijitupa chini, akasimama, akajitupa tena, nao wakamfuata wakipiga mayowe ya furaha. Ignace aliketi benchi la mbele. Kwa mara ya kwanza alimwona mwanawe bila kioo cha simu katikati, siku ambayo hapakuwa tena na mechi ya kucheza.

Mama mmoja aliyekuja na binti yake alisogea, akaketi karibu naye, akiwa na kikombe cha kahawa.

"Wako ni yupi, mzee?" alimwuliza kwa Kiingereza.

Ignace alinyoosha kidole. "Yule mrefu."

Yule mama alitazama, akacheka kwa upole. "Huyo si ni mwalimu! Nauliza mtoto wako."

Ignace akashusha mkono.