Mzee wa reli na mtihani wangu wa leo

Leo nimefaulu mtihani. Msinipongeze, nisemeni.

Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba hapa Tabora. Kazi yetu haina kuhitimu, kila mwaka unasoma, na siku hizi tunasomea kwenye simu.

Asubuhi nilikuwa na Mzee Masudi, mstaafu wa reli kutoka Kaliua. Alivunjika nyonga, anajifunza kusimama upya. Nikamshikisha nondo za dirisha.

"Usikae mpaka nikuambie, babu."

Simu ikalia: mtihani umefunguliwa.

Nikaingia chumba cha pili. Nikasema najibu haraka haraka narudi.

Nikamsahau. Kabisa.

Nimerudi, bado amesimama. Miguu inatetemeka, kanzu imelowa jasho mgongoni, na kiti kiko hapo hapo nyuma yake.

"Jamani babu, kwa nini hukukaa?"

"Hukuniambia, daktari. Sisi watu wa reli, bila ishara hatuondoki."

Nikamkalisha, nikapiga magoti kumkanda miguu. Kumtazama usoni nimeshindwa.

Yeye ndiye anayenipoza.

"Mtihani umefaulu lakini?"

"Nimefaulu, babu."

"Ulikuwa wa nini?"

Ulikuwa wa namna ya kumsikiliza mgonjwa.