Kijiti cha Mzee Choi

Mama yangu alikaa miaka miwili bila kumsalimia Mama Nekesa wa sokoni kwa sababu ya gorogoro moja ya mahindi. Mama Nekesa aliijaza, mlima ukasimama juu ya mkebe ule wa kupimia, halafu akapitisha kiganja, fyuu, mlima ukaanguka. Kwetu Bungoma hiyo ni kumwambia mtu, "Nina neno nawe." Mama aliyaacha mahindi pale pale akaenda zake. Kwa nini nalikumbuka hili? Ngojeni, tutafika.

Nilienda Saudia kwa sababu nyumba yangu ilikuwa na kuta bila bati. Shule sikufika mbali, lakini wakala alisema huko hawaulizi. Wafula, jirani yangu, tulipanda naye ndege moja. Alitapika njia nzima, ila hilo si la leo.

Riyadh, miezi mitatu ya kwanza, tulibeba vyuma juani. Kisha msimamizi wetu Mkorea, Mzee Choi, akanihamishia stoo ya chakula, penye AC. Nusura nimbusu. Kila Ijumaa nilimpimia kila mfanyakazi mchele wake wa wiki kwa kisanduku cha mbao ambacho Mzee Choi alitoka nacho kwao. Kinaitwa doe. Vikombe vyao kumi, wanaviita hop, hujaza doe moja. Doe kumi ni mal moja. Ukishajaza, unapitisha kijiti juu, mchele unabaki bapa kama meza.

Mimi nikaweka mlima. Wakenya wakanishangilia. Mchele ukaisha kabla ya mtu wa mwisho, na wa mwisho kwenye foleni ni Mzee Choi mwenyewe. Wiki ile alikula ugali wetu, akiutafuna kama sponji.

"Kenya!" akaniita, akitikisa kijiti. Tulielewana kwa Kiarabu cha kuokoteza. "Mafi jabal!" Yaani, hakuna mlima. "Jabal tena, halas, basi, unarudi kwenye vyuma."

Safari ya Jeddah ilifuata, kazi ilipohamia karibu na bandari. Basi tulipandia Batha, kituo cha mabasi cha Riyadh. Kutwa nzima nilipakata doe kama mtoto mchanga, nikiapa moyoni: kijiti, kijiti, kijiti.

Jeddah, Ijumaa ya kwanza. Nje joto la bahari, ndani baridi tamu. Nikafuta mlima wa doe ya kwanza, ya pili, ya kumi. Na kusema kweli, kipimo kile ni cha haki, kinamfikia kila mtu. Mzee Choi alikuwa anatabasamu. Akaja Wafula, mfuko wazi. Nikajaza, nikapitisha kijiti, fyuu.

Wafula akatazama kisanduku, akanitazama mimi.

"Ndugu yangu, nimekukosea nini?"

"Ni kipimo chao tu, bwana."

"Na mkono ni wa nani?"

Nikamwekea mlima mpaka mchele ukamwagikia viatu vyake. Nikamkabidhi Mzee Choi kijiti kwa mikono miwili, maana kwao ndiyo heshima, nikachukua glavu zangu nikaenda nje juani, ingawa ilikuwa Ijumaa na hata vyuma vilikuwa vimepumzika. Stoo ile sikuikanyaga tena.