Shahidi wa Tano

Siku ile nilikuwepo. Kwa miaka mingi nimesema sikuwepo: nilimwambia mama yangu, nikawaambia majirani, na mara moja nikamwambia hata padri, ambaye hakuwa ameniuliza.

Walikuwa wanaandikisha wapiga kura, miaka michache baada ya volkano kufunika nyumba zetu na waasi kutulia kidogo. Tulikuwa tumehamia Ndosho, mtaa wa pembeni mwa Goma, na kituo kilikuwa darasa la shule ya msingi. Sheria ilisema asiye na karatasi alete watu watano waliokwisha kuandikishwa hapohapo, waliokaa mtaani miaka mitano, waape kwamba wanamjua. Aliyeiandika hakuwa amefika Goma. Karatasi zetu zilikuwa chini ya mawe meusi, na nusu ya mtaa ilihamia baada ya moto. Hakuna aliyekuwa na miaka mitano. Watu waliapa tu, wakapewa kadi, na mkubwa wa kituo hakuhesabu.

Mwenye kuhesabu nilikuwa mimi. Nilikuwa nimetoka kumaliza sheria chuo kikuu, na nadhani nilikuwa mtu pekee aliyesoma tangazo la mlangoni mpaka mwisho, pale palipoandikwa kifungo cha shahidi mwongo.

Nilipokuwa natoka na kadi yangu, plastiki yake bado ya moto, nilimkuta mbele ya meza mama wa maharage, aliyeyafuata Masisi kwa lori na kuyauza mjini. Huyu alikuwa jirani yetu tangu kabla ya volkano, wa familia ya Kiislamu kutoka Maniema. Mama yangu aliposafiri, nililala kwake. Alikuwa amepata mashahidi wanne.

“Uyu mutoto ananijua,” akamwambia mkubwa wa kituo. “Alikulaka kwangu.”

Mkubwa akaniuliza kama ni kweli. Mstari mzima ukanitazama.

“Simjui vizuri,” nikasema.

Baadaye nilijieleza kwamba niliheshimu sheria. Nilikuwa na miaka mitatu Ndosho, si mitano. Lakini sikusema habari ya miaka. Nilisema simjui. Niliogopa tangazo la mlangoni, na kadi yangu ilikuwa mpya.

Kwetu kadi ya kura ndiyo kitambulisho. Siku ya kura mama wa maharage alibaki nyumbani bila kadi, na hilo peke yake lingetosha kunihukumu. Lakini pia kwenye kila barriere, kizuizi cha askari katika njia ya Masisi, walimshusha kwenye lori ajieleze ni nani. Mwishowe aliacha safari, akauza maharage kwa bakuli mlangoni kwake. Hakumwambia mtu niliyoyasema kituoni. Aliendelea kunisalimia kama zamani, akiniuliza habari za kazi, na mimi nikaanza kupitia njia nyingine.

Miaka ikapita. Waasi wakarudi vilimani, watu wakatawanyika upya, na uandikishaji mwingine ukafunguliwa kwa sharti lilelile. Wakati huo nilikuwa mwandishi wa magazeti. Niliandika makala tatu dhidi ya mashahidi watano, makala nzuri, zenye vifungu vya sheria. Wakaniita redioni. Nikasema raia hapaswi kuwaomba majirani ruhusa ya kupiga kura. Nilisema hivyo bila hata kukohoa.

Wiki ileile mama yangu akanijulisha kwamba mama wa maharage anataka kujaribu tena. Anataka kupiga kura hata mara moja kabla hajafa. Nilikaa na namba yake ya simu siku nne. Siku ya tano nikapiga.

“Mama, kesho nitakuja. Nitakuwa shahidi wako.”

“Nilisha pata kadi, mwanangu. Tangu juzi.”

Nikamuuliza nani alimshuhudia. Akataja majirani wanne, na wa tano mama yangu. Nikauliza kwa nini hakuniita.

“Niliogopa utasema tena haunijui. Mbele ya watu.”

Nikasema nisamehe. Akasema hayo yalikwisha, kwa sauti ya mtu anayefunga gunia, kisha akauliza kama mimi nimekwisha kujiandikisha. Nilikuwa bado. Kadi yangu ya zamani ilikuwa imefutika, jina halisomeki wala picha haionekani, na karatasi nyingine zilikuwa zimepotea tulipokimbia waasi.

“Basi uje asubuhi, mustari ni murefu,” akasema. “Miye niko na kadi. Nitawaambia ninakujua.”