Chakula cha Saa Moja

Saa ya ukutani kwetu haikulia kama saa za watu; ilikwaruza, kra, kra, kama panya anayetafuna boksi. Hiyo ndiyo sauti ya chumba chetu cha mtaa wa Doornfontein, huku kusini mwa bara, ghorofa ya nne, mimi na mama, kitanda kimoja, na nguo za kuuza zilizorundikwa mpaka karibu na dari, zikinuka upya. Mama aliitega ile saa kwa hesabu ya kwao Kigoma: asubuhi simu ikiandika saba, mshale wetu ulikuwa kwenye moja, vilevile tunavyotamka. Mama Eze, jirani yetu Mkongomani msukaji wa nywele, hakuacha kutucheka. "Eish, hii saa yenu imelewa! Itawapoteza siku moja, chérie, mpenzi." Mama alimjibu bila kuinua kichwa kwenye hesabu zake: "Haijalewa. Ninyi ndio mnasoma saba, mnatamka moja. Nani mlevi hapo?"

Mwaka niliotimiza miaka kumi, mama alisafiri na wachuuzi wenzake wa soko la Fordsburg kwenda Hong Kong kuchukua mzigo, wiki mbili nzima. Ilikuwa Julai, baridi ile inayoingia hadi kwenye meno. Nililala kwa Mama Eze, lakini kila nikitoka shule nilifungua chumba chetu na kukaa mle peke yangu. Shuleni nilizungumza Kiingereza na Kizulu. Wenzangu Kiswahili hawakukijua. Kwa hiyo Kiswahili changu cha siku nzima nilikipeleka kwa ile saa. Niliiambia nani kanisukuma, nani kanigawia chipsi. Ilinijibu kra, kra, nami nikaridhika kidogo.

Kabla ya kuondoka, mama alinishika mashavu. "Siku ya mwisho sinunui kitu. Natembea tu, naona mji. Halafu tutakula pamoja, mimi na wewe, saa moja jioni. Bahari ikae katikati, haituhusu." Akaniachia simu ndogo ya vitufe, nami nikaanza kuhesabu siku kama wenzangu wanavyohesabu sikukuu.

Ijumaa, kesho yake ikiwa ndiyo siku yenyewe, Mama Eze aliniita nione picha iliyoingia kwenye simu yake muda huohuo. Mama amesimama bandarini usiku, taa nyekundu na kijani zinacheza majini, nyuma yake mnara mrefu wa matofali wenye saa kubwa. Saa ile ilionyesha nane na nusu. Nilikimbilia chumbani kwetu. Nje jua linawaka, ni mchana mtupu, na ukutani mishale iko nane na nusu! Niliruka juu ya kitanda. Saa ya Hong Kong na saa yetu zilikuwa zinakwenda sawa, ila wao wakiwa gizani na sisi kwenye mwanga. Nikafikiri mpaka kichwa kikauma: mnara ule ukifika saba jioni, hiyo ndiyo sisi tunaiita saa moja. Na ukutani kwetu saba ni mchana. Basi mama atakula mchana wangu.

Jumamosi nilipoamka nilikimbilia chumbani kwetu; mshale ulikuwa kumi na mbili. Mama alikwisha kuvuka maji kwa ile meli ya abiria aliyonisimulia. Saa nane ya ukutani ingenikuta nimeshiba, nilijiambia. Mshale ulipofika mbili, nilimwona kichwani mwangu amekaa kwenye treni inayopanda mlima hadi maghorofa yanaonekana yamelala ubavu. Ulipofika tano, nilimwona sokoni kwenye ndege wa kufugwa, akicheka peke yake. Nilinunua tambi za pakiti kwenye spaza, kile kiduka cha chini, kwa sababu nilisikia wanakula tambi huko. Saba kamili nikaketi, vijiko viwili mezani. "Karibu mama," nikasema. Nikala fungu langu, na kwa vile kijiko cha pili hakikusogea, nikala na lake. Sijawahi kujivunia chakula kama siku ile.

Jioni Mama Eze alikwenda mazoezi ya kwaya. Simu ndogo ikaita.

"Haya mwanangu, saa moja hiyo! Umeshapakua?"

Niliitazama sahani yangu ya mchana, tupu.

"Mimi niko hapa kwenye ngazi za hoteli, usiku wa manane, wenzangu wamelala zamani. Wamenicheka wee! Wamekula bata wa kuchomwa, mimi nikafungiwa wangu kwenye boksi. Nimewaambia nala na mwanangu. Njaa inaniuma tangu mchana. Anza basi, nikusikie."

Nilitazama ukutani. Mshale kwenye moja. Kila mmoja wetu alikuwa ameshika saa ya mwenzake: mimi ya Hong Kong, yeye ya kwetu. Mkate uliisha asubuhi, na rafuni kulikuwa na chumvi na majani ya chai tu. Nikachukua kijiko, nikakigonga kwenye sahani tupu, nikasogeza simu mdomoni na kutafuna hewa, kwa nguvu, kama mtu mwenye mdomo uliojaa.

"Tamu?"

"Tamu sana, mama."

"Tafuna polepole, utapaliwa," akasema, nami nikasikia karatasi ya boksi lake ikifunguka.

Sijamwambia hadi leo. Sasa nafanya kazi kwenye ghala moja Midrand, napanga peke yangu, na ile saa ninayo, inakwaruza juu ya kitanda. Bado naota kwamba nitavuka ile bandari na mama, tukae meza moja, boksi lisiwepo. Yeye alirudi Kigoma, naye yuko peke yake. Hupiga simu kila jioni saa moja, mezani kwake. "Umepakua?" Nami hugonga kijiko, hata siku ambazo sina cha kupakua. Kisha namsikia naye anatafuna kule, kwa nguvu, taratibu, na siku hizi najiuliza kama mdomoni mwake kuna kitu.